Kura ya Urais Ina Nguvu Kiasi Gani? Tanzania, Kenya, Kongo na Afrika Kusini Zikiwekwa Pamoja

Kila mjadala wa katiba mpya unapopamba moto Tanzania, dai moja hutangulia mengine yote: rais apatikane kwa zaidi ya asilimia 50 ya kura. Linasemwa vijiweni, linasemwa kwenye makongamano, na Rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba nayo ililibeba. Silipingi. Ila nikiulizwa mwananchi aanze kudai lipi, hili siliweki la kwanza wala la pili.

Matokeo yaliyotangazwa tangu vyama vingi virudi yanatosha kuonyesha kwa nini. Mkapa 1995, karibu asilimia 62. Mwaka 2000, karibu 72. Kikwete 80 mwaka 2005, kisha karibu 63 mwaka 2010. Magufuli 58.46 mwaka 2015, halafu 84 mwaka 2020. Samia 97.66 mwaka 2025. Hayupo hata mmoja aliyetangazwa akiwa chini ya 58. Sharti hilo lilikuwepo 1995, likaondolewa na mabadiliko ya katiba ya mwaka 2000, na kuondoka kwake hakukubadilisha jina la rais hata mara moja.

Kwa hiyo kuzilinganisha nchi kwa kuuliza tu "mshindi anahitaji asilimia ngapi?" ni kulitazama jambo kwa jicho moja. Nimeziweka pamoja nchi nne ambazo namna zao zinatofautiana kweli, na Malawi nitaiita pale itakapohitajika. Yako maswali manne: jina linafikaje kwenye karatasi, mshindi anapatikanaje, nani anaona hesabu, na ukidhulumiwa unakwenda kwa nani.

Jina linafikaje kwenye karatasi

Hapa mpiga kura wa kawaida ni mnyonge karibu kila mahali.

Chukua CCM mwaka 2015. Waliorudisha fomu za kuomba kuteuliwa kugombea urais walikuwa 38. Kamati Kuu ikabakiza watano, Halmashauri Kuu ikabakiza watatu, na Mkutano Mkuu pale Dodoma ukamchagua mmoja. Magufuli alipata kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Jumla ni watu 2,416. Daftari la wapiga kura mwaka ule lilikuwa na watu zaidi ya milioni 23, na wengi wao walikuwa wakilisubiri jina la Edward Lowassa, lililokatwa hata kabla ya watano bora. Ilibidi ahamie CHADEMA ndipo jina lake lifike kwenye karatasi.

Afrika Kusini ni vilevile, tena pengo lake lilikuwa jembamba zaidi. Desemba 2017, kwenye mkutano wa ANC pale Nasrec, Johannesburg, Cyril Ramaphosa alimshinda Nkosazana Dlamini-Zuma kwa kura 2,440 dhidi ya 2,261. Tofauti ya wajumbe 179 ndiyo iliyoamua nani ataongoza nchi ile, maana miezi miwili baadaye Rais Jacob Zuma alijiuzulu na Ramaphosa akaingia Ikulu bila uchaguzi wowote wa wananchi.

Kenya wana mikutano ya wajumbe pia, na mara nyingi inafanyika kulithibitisha jina ambalo kila mtu analijua tangu mwaka uliopita. Kinachowatofautisha na sisi ni kwamba ukikataliwa na chama unaweza kusimama mwenyewe. Mgombea huru anaruhusiwa kuanzia wadi hadi urais. Kwa urais anahitaji saini za wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwenye kaunti zaidi ya nusu, yaani 24 kati ya 47. Mzigo si mdogo. Mwaka 2022 wagombea wote wa urais waliofika mwisho walikuwa wanne tu, na wote walitoka kwenye vyama. Tanzania wadhamini wanaotakiwa ni wachache mno kulinganisha na hao, 200 katika kila mkoa kwa mikoa 10, miwili ikiwa ya Zanzibar. Lakini bila chama hugombei. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka suala hilo mahakamani kwa miaka mingi hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ikampa ushindi Juni 2013. Mtikila alifariki 2015 na mgombea binafsi bado hayupo.

Halafu kuna kuenguliwa. Kwenye uchaguzi wa Oktoba 2025, CHADEMA hawakuwemo kabisa, kwa maelezo kwamba hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mwenyekiti wao Tundu Lissu alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo naye akaondolewa. Ukifika kituoni katika hali hiyo ni sawa na kuingia kwa mama ntilie, ukaambiwa chagua unachotaka, na kwenye sufuria kuna wali maharage peke yake. Sharti la asilimia 50 lisingekusaidia kitu siku ile.

Kwa ubunge hadithi ni hiyohiyo. Kura za maoni za CCM mwaka 2020 zilituachia ule msemo uliozunguka simu zote, kwamba wajumbe si watu wazuri. Tulicheka, lakini ulikuwa na ukweli mchungu: katika majimbo mengi anayepita kwa wajumbe ameshapita, na Oktoba ni kukamilisha ratiba.

Wamarekani ndio walioenda mbali zaidi kwenye hatua hii, kwa kuwapa wapiga kura wa kawaida kura ya kuchagua mgombea wa chama, jimbo baada ya jimbo. Lakini mwishoni kura ya mwananchi inapungua nguvu, maana mwaka 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 2.9 zaidi ya Donald Trump na bado akashindwa, kwa sababu rais huchaguliwa na wajumbe 538 wa majimbo.

Mshindi anapatikanaje

Tanzania na Kongo ya Kinshasa ziko upande mmoja: mwenye kura nyingi kuliko wengine ndiye rais, hata akiwa na asilimia 30. Tanzania, kama tulivyoona, kanuni hiyo haijawahi kuuma. Kongo imeuma. Katiba yao ilibadilishwa Januari 2011 kuondoa duru ya pili, na mwisho wa mwaka uleule Joseph Kabila akatangazwa mshindi kwa asilimia 48.95. Mwaka 2018 Félix Tshisekedi alitangazwa akiwa na asilimia 38 na kitu. Zaidi ya sita katika kila kumi walikuwa wamemtaka mtu mwingine.

Kenya waliyaonja hayo mapema. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa asilimia 36 hivi, huku Matiba, Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga wakigawana zilizobaki. Ndiyo maana katiba ya 2010 inadai mambo mawili kwa pamoja: zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu. Akikosekana mtu, wawili wa juu wanarudi ulingoni ndani ya siku 30. Duru hiyo haijawahi kufika. Mwaka 2013 ilikosa kwa unywele, Uhuru Kenyatta akiwa na asilimia 50.07, kura zipatazo 8,400 juu ya mstari. Mwaka 2022 William Ruto alipata 50.49 na Raila Odinga 48.85.

Sharti hili linawapa nguvu gani watu wa kawaida? Kubwa ni kwamba mgombea hawezi kujifungia kwao. Lamu, Garissa, Turkana na Taita Taveta, ambazo kwa wingi wa watu zisingemshughulisha mtu, zinatembelewa kwa sababu ya ile robo. Ubaya wake wanaujua Wakenya wenyewe: kuifikia nusu kunahitaji muungano, na muungano hutengenezwa hotelini na vigogo wanaohesabu makabila. Muungano ukifika kwako, wewe umeshaandikwa upande.

Malawi ndiyo iliyonipa sababu ya kutolidharau sharti hili. Mei 2019 Peter Mutharika alitangazwa kwa asilimia 38 na kitu. Mahakama ilipofuta matokeo hayo ilisema pia kwamba wingi maana yake ni zaidi ya nusu. Wapinzani waliokuwa wametengana wakalazimika kuungana, na Juni 2020 Lazarus Chakwera akashinda kwa zaidi ya asilimia 58. Walipomchoka, Septemba 2025, wakamrudisha Mutharika. Watu wanaoweza kumtoa rais na kumrudisha wana kitu mkononi.

Afrika Kusini wana njia yao. Humpigii rais kura. Unapigia chama, na Bunge la watu 400 ndilo linalomchagua. Ukiusikia hivyo utadhani ni kumnyang'anya mwananchi haki yake, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliouona hivyo. Lakini viti vinagawanywa kwa uwiano wa kura, kwa hiyo kura ya kijijini Limpopo ina uzito uleule na ya Soweto, na kura ya aliyeshindwa haipotei. Mei 2024 ANC walishuka hadi asilimia 40.18 na viti 159. Chama cha MK, kilichozinduliwa Desemba 2023, kikapata 58. Hakuna aliyeweza kutawala peke yake, na Ramaphosa alirudi Juni 14 kwa kura 283 za wabunge baada ya kukubali kugawana serikali na chama cha DA na vingine. Wapiga kura hawakumtoa rais, lakini walimfunga mikono. Kwa Tanzania, chama kilichopata asilimia 40 na kuongoza kingeweza kuchukua Baraza la Mawaziri lote.

Bei yake ni kwamba chama kikiamua, rais anaondoka bila wewe kuulizwa. Thabo Mbeki aliitwa na ANC mwaka 2008, akaondoka miezi kadhaa kabla ya uchaguzi.

Ingawa hata kwetu tunaowapigia marais moja kwa moja, jina la pili kwenye karatasi huwa tunalipita haraka. Mwaka 2020 ni wangapi waliokaa kumpima mgombea mwenza? Machi 2021, Magufuli alipofariki, mgombea mwenza huyo, Samia, ndiye aliyeapishwa kuwa rais. Na Kenya, Rigathi Gachagua alichaguliwa pamoja na Ruto kwa kura zaidi ya milioni saba. Oktoba 2024 Seneti ikamwondoa, Kithure Kindiki akateuliwa, wabunge wakamwidhinisha, na mpiga kura akaangalia kwenye televisheni.

Nani anaona hesabu

Ningependa uisome sehemu hii taratibu, kwa sababu ndipo ilipo tofauti kubwa kuliko zote.

Kituo cha Kenya, saa kumi na moja jioni upigaji umefungwa. Masanduku yanafunguliwa palepale. Msimamizi anakunjua karatasi moja moja, anaiinua mawakala waione, anataja jina, inawekwa kwenye fungu lake. Zikiisha, idadi inaandikwa kwenye fomu 34A, mawakala wanasaini, nakala inabandikwa mlangoni, na picha ya fomu ileile inatumwa kwa KIEMS, kifaa cha kielektroniki cha Tume ya uchaguzi. Mwaka 2022 vituo vilikuwa zaidi ya 46,000, na Tume ikaziweka picha hizo kwenye tovuti iliyo wazi kwa yeyote. Vyombo vya habari vilikuwa vinajumlisha vyenyewe. Hata kijana mwenye bando la kutosha angeweza kuanza kujumlisha kwao Kisii, akalinganisha na fomu aliyoipiga picha mlangoni.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Ilitokana na machungu ya 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 walikufa, na kesi zilizofuata. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Maina Kiai, ilisema matokeo yakishatangazwa huku chini makao makuu hayana ruhusa ya kuyagusa. Hapo ndipo kura ilipohama kutoka Nairobi kwenda shule ya msingi ya kijijini.

Afrika Kusini nao wanachapisha matokeo ya kila kituo. Tanzania kura zinahesabiwa kituoni na fomu inabandikwa, hilo ni jema, lakini Tume husoma matokeo ya urais jimbo kwa jimbo, na hakuna tovuti ya umma yenye fomu za vituo vyote. Ukitaka kuhakiki nchi nzima unahitaji wakala wako kwenye kila kituo, na wakala huyo asitolewe nje. Mwaka 2025 hata simu haikusaidia: intaneti ilizimwa siku ileile ya kura, maandamano yakageuka vifo, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku, na matokeo yakasomwa tukiwa gizani.

Kongo 2018 Tume yao, CENI, haikuchapisha matokeo ya kituo kwa kituo. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000 na likasema takwimu zake hazilingani na yaliyotangazwa. Beni na Butembo, miji ya wasemaji wa Kiswahili wa mashariki, upigaji kura uliahirishwa hadi Machi 2019 kwa sababu ya ebola na usalama, ilhali rais aliapishwa Januari 24. Watu wa Beni hawakukubali kukaa kimya. Desemba 30, nchi ilipokuwa inapiga kura, walipanga foleni, wakatengeneza karatasi zao, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa popote.

Ukidhulumiwa unakwenda kwa nani

Katiba ya Tanzania, ibara ya 41(7), inasema Tume ikishamtangaza rais, mahakama yoyote haitakuwa na mamlaka ya kuchunguza. Unaweza kupinga ushindi wa mbunge. Wa rais, hapana. Mahakama ya Afrika iliikosoa ibara hiyo Julai 2020 katika kesi ya Jebra Kambole. Ibara ipo hadi leo.

Zanzibar ilionyesha hali hiyo inaweza kufika wapi. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC), Jecha Salim Jecha, alifuta uchaguzi wote wa Zanzibar kwa tangazo. Kura za Rais wa Muungano, zilizopigwa na watu walewale, kwenye vituo vilevile, siku ileile, zikahesabiwa kuwa halali. Wapinzani wa CUF wakasusia marudio ya Machi 2016, na Dk. Shein wa CCM akapata asilimia 91.

Kenya mtu ana siku 7 za kufungua shauri na Mahakama ya Juu ina siku 14 za kuamua. Si lazima uwe mgombea: Novemba 2017 wanaharakati Njonjo Mue na Khelef Khalifa walikuwa miongoni mwa walalamikaji. Septemba 1, 2017 majaji wakiongozwa na David Maraga walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Usiupambe sana ushindi huo, maana marudio ya Oktoba Raila aliyasusia na Uhuru akapata asilimia 98 huku wapiga kura wengi wakibaki majumbani. Faida yake ilikuja baadaye: 2022 Tume ilijua kuna hakimu anayesubiri, ndipo fomu zikawa wazi. Mahakama ilipozilinganisha za mtandaoni na za karatasi, zikalingana, na shauri likaisha bila damu ya 2007.

Malawi, Februari 2020, majaji watano walifika mahakamani wakiwa wamevaa fulana za kuzuia risasi, chini ya ulinzi wa jeshi, wakasoma hukumu kwa saa nyingi. Fomu zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Bila fomu hizo wasingekuwa na cha kuonyesha, na bila mahakama fomu zingebaki kuwa makaratasi.

Basi uchague ipi

Kama nchi yako ina ushindani wa kweli lakini wapinzani wanagawana kura, kama Kenya ya 1992 au Kongo ya 2018, anza na zaidi ya nusu pamoja na duru ya pili. Itakulipa mara moja.

Kama tatizo lenu ni chama kimoja kinachobeba kila kitu, kama Tanzania, mpangilio wangu ni huu: kwanza fomu za vituo vyote ziwekwe hadharani, na mahakama ifunguliwe. Viende pamoja, maana kimoja bila kingine hakifiki mbali. Pili mgombea binafsi na mikono ya Tume ifungwe isiengue watu kwa vijisababu. Asilimia 50 ije ya tatu. Najua wapo watakaosema vyote vidaiwe kwa mpigo. Sawa, ila mezani siku ya mwisho huwa kuna cha kuachia, na ningependa kiachiwe hicho cha tatu.

Mfumo wa Afrika Kusini ningeupendekeza kwa nchi yenye makundi mengi yanayoogopana na vyama vyenye demokrasia ya ndani. Sharti hilo la pili ndilo linalonifanya nisite kuuleta kwetu. Wabunge waliopitishwa na wajumbe, wakimchagua rais aliyepitishwa na wajumbe, mwananchi ataonekana wapi?

Kwa walio nje ya nchi

Kwa ufupi. Mtanzania aliye nje hapigi kura, awe London au Muscat. Lazima arudi kwenye kituo alichojiandikisha. Mkongomani wa Ubelgiji, Ufaransa, Kanada, Marekani na Afrika Kusini alipiga kwa majaribio mwaka 2023. Waafrika Kusini hupiga kwenye balozi zao. Mkenya anapiga kura ya rais peke yake, na nchi zilizoruhusiwa 2022 zilikuwa 12: aliye Doha au Dubai alipiga, wa Oman na Saudia hakupiga. Kama unapanga kushiriki 2027, angalia orodha ya tume ya uchaguzi ya Kenya, IEBC, mapema, kwa sababu usajili wa nje huwa wa siku chache na kituo huwa ubalozini, mara nyingi mji mwingine kabisa na unakofanyia kazi.